Jinsi ya kupima maji ya kisima na kuyasoma pamoja na mvua

Kama unalima penye ukame, usingoje pampu ianze kuvuta hewa ndipo ujue maji yameshuka. Pima mwenyewe. Mimi hufuatilia kitu kimoja: umbali kutoka ukingo wa kisima hadi usawa wa maji. Daftari la vipimo hivyo nalithamini kuliko utabiri wowote.

Weka alama ya rangi ukingoni, na kila kipimo kianzie hapo. Pima alfajiri, kabla pampu haijawashwa. Pampu ikifanya kazi, maji ya kisimani hushuka kuliko ya ardhi inayokizunguka, nawe utadhani hali ni mbaya kuliko ilivyo.

Chukua tepu ya chuma iliyo safi, funga kizito kidogo mwishoni, paka chaki mita mbili za mwisho. Ishushe taratibu mpaka chaki izame kidogo, kisha lenganisha namba kamili na alama yako, tuseme mita 20. Ukiivuta utaona chaki ilipolowa, maana rangi yake hukolea. Ikiwa imelowa mita 1.35, maji yako mita 18.65 chini ya alama. Rudia, vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita mbili, pima cha tatu. Kisimani usiingie kamwe, kwa sababu hewa ya chini inaweza kuua.

Mvua nayo iandike kila siku, si jumla ya mwezi tu. Milimita 60 zikija kama manyunyu ya siku ishirini, jua na mimea huzimaliza. Zikinyesha kwa siku mbili juu ya udongo uliokwishalowa, sehemu yake huzama hadi kwenye maji ya ardhini. Makutapora, karibu na Dodoma, visima vimepimwa tangu miaka ya 1950, na vimeonyesha jambo hili wazi: maji hushuka polepole kwa miaka, kisha hupanda sana baada ya misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Kwa hiyo simwamini anayetangaza kwamba kisima kimekufa, au kimepona, baada ya msimu mmoja.

Linganisha mwezi uleule kila mwaka. Mimi huchagua mwisho wa kiangazi. Wakati wa ukame mambo mawili hutokea pamoja: mvua haijazi ardhi, na watu wanavuta zaidi. Ili kuyatenganisha, pima pia kisima kisichotumika, kilicho mbali na pampu zote. Vyote viwili vikishuka, kwanza fikiria ukame. Kikishuka chako peke yake, punguza saa za kuvuta.

Maji yakipanda usiku mmoja tu baada ya mvua, tena yakiwa na tope, usifurahi. Huenda maji ya juu yameingia kwenye ufa wa ukingo. Andika hivyo kando ya namba, ziba ufa, na maji ya kunywa yachemshe.