Ukianza Kikorea, achana na "dangsin"

Kama unajifunza Kikorea, dangsin liweke pembeni mapema. Kamusi zitakuambia maana yake ni "wewe", lakini ukimwambia mtu usiyemjua ataona unatafuta ugomvi. Wakorea wenyewe mara nyingi hawataji "wewe" kabisa, au humwita mtu kwa cheo: mwalimu ni seonsaengnim, mwenye duka ni sajangnim, mkuu wa kitengo wa ukoo wa Kim ni Kim gwajangnim. Hiyo nim ya mwisho ndiyo heshima yenyewe. Usiidondoshe, na usijipachike mwenyewe.

Usikasirike pia ukiulizwa umri mapema. Anayeuliza anatafuta namna ya kusema nawe, maana kitenzi hufuata uhusiano. "Umekula?" kwa rafiki wa rika lako ni meogeosseo, kwa mzee kitenzi chenyewe hubadilika, unasema deusyeosseoyo. Sheria iliyoanza kutumika Korea Kusini mwaka 2023 ilibadili hesabu ya umri kwenye nyaraka za serikali, lakini ukubwa na udogo bado umo kwenye kila sentensi.

Mpaka mkubaliane kuongea kirafiki, malizia sentensi zako na -yo, kiishio cha adabu, hata kama wewe ndiye mkubwa.