Kuchuja miche ya muhogo kwa alama za vinasaba: hatua tunazofuata Mwanza

Mche wa muhogo unaoonekana mzima katika kitalu cha Misungwi au Sengerema si lazima uwe na kinga dhidi ya batobato, kwani huenda inzi weupe wenye virusi hawajaufikia. Alama ya vinasaba, yaani kipande cha DNA kinachopimwa maabara, hutuambia kile mche ulichorithi kabla ugonjwa haujaingia shambani.

Hatua ya kwanza ni kupima wazazi. Kinga tunayoifuata, iitwayo CMD2, iko kwenye kromosomu ya 12 nayo hutawala, hivyo nakala moja inatosha kuulinda mmea. Mzazi mwenye nakala moja akichavushwa na asiye nayo, takriban nusu ya watoto watairithi. Mwenye nakala mbili huwapa watoto wote, na hapo kupima kila mche ni kupoteza fedha. Hakikisha pia kwamba alama inawatofautisha wazazi wako, maana isipowatofautisha haitakufaa kwa watoto wao.

Hatua ya pili ni kuchavusha. Funika ua la kike kwa mfuko kabla halijafunguka, kisha lipake chavua mchana linapofunguka. Tunda moja halitoi zaidi ya mbegu 3, kwa hiyo chavusha maua mengi.

Hatua ya tatu, ambayo naisisitiza kuliko zote, ni kuchukua sampuli. Andika namba kwenye kibao cha mche na kwenye bahasha kabla ya kugusa jani, na uandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ukipatwa na spiriti. Msimu mmoja nilikata kwanza nikaandika baadaye, nikalazimika kurudia trei mbili nzima. Chuma jani changa la kileleni, kwa kuwa yaliyokomaa yana wanga na kemikali nyingi zinazochafua DNA, kisha likaushe ndani ya silika, punje zinazofyonza unyevu. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba unyevu. Ibadilishe siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne ni kusaga jani na kulipasha katika bafa ya CTAB, myeyusho wa kemikali unaopasua seli, kwenye nyuzi joto 65 ili kutoa DNA.

Hatua ya tano ni kusoma majibu. Katika sahani ya visima 96 ambamo DNA ya kila mche hupimwa, tenga visima vya wazazi wote wawili na vingine vya maji matupu. Kisima cha maji kikitoa majibu, sahani nzima imechafuka, nawe usiamini hata mche mmoja.

Hatua ya sita ni shambani. Alama nyingi ni jirani wa kinasaba, si kinasaba chenyewe, na majirani hao wanaweza kutengana wakati wa uzazi. Kwa hiyo panda pingili za miche iliyofaulu kati ya mistari ya aina inayoshambuliwa kwa urahisi, ili uone kama kinga ipo kweli. Zaidi ya hayo, CMD2 haizuii michirizi ya kahawia, ugonjwa ambao shina na majani vinaweza kuuficha. Ifikapo miezi 12, ng'oa mmea na ukate kila muhogo vipande kadhaa tangu kikonyoni hadi nchani, kwa maana ganda safi linaweza kufunika kiini kikavu chenye madoa ya kahawia.