Chogo au flati? Somo la kuchagua monita ya gemu

Habari zenu wadau. Tangu hela za korosho zianze kuingia, swali linaloletwa mezani kwangu ni lilelile: kijana ana kompyuta ya mezani, anataka kucheza gemu, na hapa Mtwara mjini anakutana na monita za aina mbili. Kuna chogo, zile nzito zenye mgongo mrefu, ambazo ofisi na shule zinaziondoa kwa bei ya kutupa. Na kuna flati, mpya na za mtumba, zinazoshushwa kutoka Kariakoo. Wengi wanadhani jibu liko kwenye umri wa monita. Mimi nasema liko kwenye kitu unachokwenda kuchomeka nyuma yake, kwa hiyo somo letu linaanzia nyumbani kwako kabla ya dukani.

Hatua ya 1: Geuza kompyuta uangalie matundu

Chogo inataka VGA, ile soketi ya bluu yenye matundu 15 kwa safu tatu. Kompyuta nyingi za ofisini za mtumba bado zinayo, hapo huna tatizo. Ila kama umeongeza kadi ya grafiksi, angalia matundu ya kadi yenyewe, maana VGA ya ubao mkuu mara nyingi hujizima kadi ikishakaa.

Ukikuta DVI, tazama ule mpasuo wake mrefu wa pembeni. Ukiwa umezungukwa na vitundu vinne, basi DVI hiyo inatoa pia mawimbi ya VGA, na kichwa cha kubadilishia cha bei ndogo kinatosha. Vitundu hivyo visipokuwepo, hata ulazimishe vipi hupati kitu. Kadi za Nvidia kuanzia familia ya GTX 10 ya mwaka 2016 ziliacha kabisa kutoa mawimbi hayo. Mwenye kadi kama hiyo akitaka chogo anunue adapta yenye chipu ndani, ya kutoka HDMI kwenda VGA, na hiyo ni gharama ambayo muuzaji wa chogo hakwambii.

Wenye PS2 (PlayStation 2) nisikilizeni vizuri. Zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu haziingii kwenye monita ya chogo, na ukitafuta waya wa kuunganisha tu, picha haitatokea. PS2 ya PAL, ule mfumo wa picha za TV, inachora mistari 15,625 kwa sekunde, wakati monita ya kompyuta huanzia karibu 30,000. Kinachopokea PS2 ni TV ya chogo. Migongo inafanana, lakini ni vifaa viwili tofauti.

Hatua ya 2: Unacheza nini, na kompyuta yako ina nguvu gani?

Chogo huchora picha kwa mwale wa elektroni unaopita mstari kwa mstari. Kila nukta inawaka kwa milisekunde moja au mbili, inazima, inasubiri mzunguko ujao. Flati haifanyi hivyo. Picha ikishakaa inabaki inawaka mpaka nyingine ije, na kwa Hz 60, yaani picha 60 kwa sekunde, huo ni muda wa milisekunde 16.7. Jicho lako linakimbia na mpira, picha imesimama, kwa hiyo unaona ukungu.

Jaribu mwenyewe. Fungua gemu la mpira, piga pasi ndefu ya kuvuka uwanja, halafu wakati kamera inakimbia jaribu kusoma namba mgongoni mwa winga. Kwenye chogo namba inasomeka. Kwenye flati ya Hz 60 unaona doa lenye rangi ya jezi. Na usidanganywe na ile "1ms" iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo inahusu kasi ya nukta kubadili rangi, haihusu muda ambao picha inakaa machoni. Kinachopunguza ukungu kwenye flati ni Hz kupanda: kwa Hz 144 picha inakaa milisekunde 6.9.

Jambo la pili ni resolusheni. Flati ina idadi yake ya nukta, ile ya kiwandani, labda 1920×1080. Ukiipa pungufu inavuta picha na maandishi yanafubaa. Chogo haina ukubwa wa kuzaliwa nao: 640×480, 800×600, 1024×768, zote zinatoka safi. Sasa chukua kompyuta ya Core 2 Duo, prosesa ya zamani, yenye grafiksi za ubao mkuu, uipe gemu kama GTA San Andreas kwenye flati ya 1080. Itahema. Ukishusha hadi 800×600 gemu linakimbia, ila picha ni kama umepaka mafuta kwenye kioo. Kompyuta hiyohiyo kwenye chogo, 800×600 hiyohiyo, huoni kasoro. Kwa mwenye mashine dhaifu na gemu za zamani, hapa ndipo chogo inaposhinda, tena kwa mbali.

Ila kama kompyuta yako ni ya miaka ya karibuni na unacheza gemu za sasa, ruka hatua ya 3. Gemu hizo zimepangwa kwa skrini pana, na kwenye chogo ya 4:3 utapata mistari mieusi juu na chini.

Hatua ya 3: Ukitaka chogo, piga hesabu kabla ya kutoa hela

Chogo ya Hz 60 usiichukue kabisa. Inapepesa, na baada ya saa moja macho yanawasha na kichwa kinagonga. Lengo lako ni Hz 85 kwa resolusheni unayochezea.

Usimwulize muuzaji, uliza lebo ya nyuma au kitabu chake. Tafuta namba ya kHz ya mlalo, yaani ni mistari elfu ngapi monita inaweza kuchora kwa sekunde. Chukua idadi ya mistari ya resolusheni, zidisha kwa 1.05, halafu gawa kHz kwa jibu hilo. Mfano, monita ya inchi 17 yenye kikomo cha kHz 70: kwa 1024×768, mistari 768 mara 1.05 ni kama 806. Elfu 70 gawa kwa 806 unapata karibu 87, maana yake Hz 85 inaingia. Monita hiyohiyo kwa 1280×1024 unapata 65 tu, utaishia Hz 60. Basi ichezee kwa 1024×768 na usiwe na tamaa.

Ukiwa hapo dukani, iwashe na uiache dakika 20 ipate joto. Picha ikianza kufifia au kona zikawa na ukungu usioisha, iache. Fungua ukurasa mweupe mtupu: madoa ya rangi yakiondoka ukibonyeza kitufe chenye alama ya sumaku, ni sawa. Yasipoondoka, ni ugonjwa. Nyaya mbili nyembamba zinazokatiza kioo kwenye chogo za Sony Trinitron si kasoro, zimewekwa kiwandani. Na inchi 17 za chogo hupimwa na sehemu iliyofichwa na fremu, unachokiona ni kama 16.

Ukishafika nyumbani, weka Hz 85 kwenye mipangilio ya skrini, halafu fungua menyu ya monita yenyewe gemu likiwa linaendelea usome namba. Windows XP ina tabia ya kurudisha gemu kwenye Hz 60 likijaza skrini, hata kama uliweka 85.

Kubeba: uzito wote uko mbele, kwenye kioo. Kwenye bodaboda kioo kielekee kifuani kwako. Ukishika kwa nyuma tu, kilo 15 na zaidi zinakuvuta.

Hatua ya 4: Ukitaka flati

Hapa ni haraka. Weka skrini nyeupe, nyeusi, halafu nyekundu, utafute nukta zilizokufa. Isogelee ukichuchumaa: picha ikigeuka giza kwa chini, hiyo ni paneli ya TN. Ikibaki na rangi zake, ni IPS. Za mtumba za zamani zenye taa za mirija huanza na rangi ya njano au waridi zikichoka, na taa hizo kuzibadilisha hakulipi. Angalia kama ina HDMI au DisplayPort, na uliza Hz. Kati ya IPS ya Hz 75 na TN ya Hz 60 yenye inchi nyingi zaidi, chukua ya kwanza.

Hatua ya 5: Umeme na chumvi

Chogo ya inchi 17 hula kama wati 80. Flati ya LED ya inchi 22 hula kama wati 25. Kwa saa sita kila siku tofauti ni kama uniti 10 za Luku kwa mwezi. Umeme ukiwa unakatika na kurudi, chogo huumia zaidi, maana kila ikiwashwa inavuta umeme mwingi kwa mara moja ili kusafisha sumaku ya kioo.

Halafu kuna hewa yetu. Anayekaa Shangani au Mikindani anajua chumvi inavyokula mabati. Ndani ya chogo kuna volti zaidi ya 20,000, na vumbi lenye chumvi na unyevu ni njia ya umeme. Isikae chini ya dirisha linalotazama bahari.

Mimi binafsi, mtu akiniuliza bila maelezo, namwambia flati ya IPS ya Hz 75 kwenda juu. Chogo nampa mwenye kompyuta dhaifu, anayecheza gemu za zamani, na mwenye meza imara. Anayetaka kusifiwa tu kwamba ana kitu cha zamani, aweke hela yake mfukoni.

Maswali ya wadau

*Shikamoo fundi. Nipo Masasi, nina monita ya VGA na laptop yenye HDMI. Nimenunua adapta imeandikwa VGA to HDMI, haioneshi kitu. Ni mbovu?*

Marahaba. Si mbovu, ni ya njia tofauti. Adapta hizi zinakwenda upande mmoja tu. Uliyonayo inatoa picha kwenye VGA ya kompyuta kupeleka kwenye HDMI ya TV. Wewe unataka ile ambayo upande wa kompyuta ni HDMI. Rudi nayo dukani uombe kubadilishiwa kabla risiti haijapotea.

*Mkuu, nina kibanda cha gemu Lindi mjini, kompyuta nne, zote chogo. Nibadilishe?*

Bosi, wewe piga hesabu ya Luku. Chogo nne, saa 12 kwa siku, ukilinganisha na flati nne unapoteza karibu uniti 80 kila mwezi. Badilisha moja moja kila faida inapopatikana. Ila kwa kibanda usinunue TN. Wateja wako hawakai wote mbele: mmoja anacheza, watano wamesimama pembeni wanatoa maelekezo, na hao watano kwenye TN wataona rangi za ajabu. Chukua IPS.

*Nikiirekodi chogo yangu kwa simu inaonesha mistari mieusi inayopanda. Inakufa?*

Hapana kaka. Kamera ya simu na mwale wa monita haviendi kwa mwendo mmoja. Ikiwa machoni huoni mistari, monita ni nzima.

*Yangu inatetemeka kidogo, kama mawimbi. Fundi mmoja kasema kioo kimechoka.*

Stabilaiza iko wapi dada? Kama iko pembeni au chini ya monita, isogeze mita moja na nusu. Transfoma yake inatoa usumaku kwa Hz 50 za umeme wetu, na monita ikiwa kwenye Hz 60 unaona picha inacheza. Spika kubwa zisizokingwa nazo zinaleta madoa ya rangi kwenye kona. Fanya hayo kwanza, upandishe hadi Hz 85, halafu ndiyo uongee na fundi.

*Inatoa sauti ya "tssss" na harufu kali usiku kukiwa na unyevunyevu. Niifungue nifute vumbi?*

Usiifungue! Chomoa waya ukutani sasa hivi. Umeme mkubwa unavuja, ndiyo hiyo sauti. Kioo cha chogo hutunza chaji hata baada ya kuzimwa, na chaji hiyo inaweza kukurusha. Mpelekee fundi wa TV anayejua kuitoa. "Tap" moja unapobadili resolusheni ni kawaida, hiyo isikutishe. Na ikishindikana kutengenezwa, usiivunje kwa nyundo nyuma ya nyumba: kioo kina madini ya risasi ndani yake, na hakuna hewa ndani, vipande vinaruka.

*Nina TV flati ya inchi 32. Inafaa badala ya monita?*

Inafaa ukikaa mbali kidogo. Mambo mawili: nyingi za inchi 32 ni 1366×768, kwa hiyo maandishi yatakuwa makubwa na yenye makali mabaya ukikaa karibu. Pili, TV huisafisha picha kwa njia zake yenyewe kabla ya kuionesha, na unabonyeza pedi mchezaji anachelewa kupiga. Ingia kwenye menyu ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe. Isipokuwepo, zima kila kitu chenye jina la kulainisha mwendo au kupunguza chenga. Na HDMI za TV huwa mbili au tatu. Wakati mwingine moja tu ndiyo inayokubali hali hiyo, kwa hiyo jaribu zote.