Namna ya kumchora ndovu akaenea kiganjani

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kazi yangu ya kuchora picha ndogo za wanyama. Aliponiuliza, "Shangazi, naanzia wapi?" nilimwambia aiweke brashi chini, tukapanda matatu hadi Haller Park, Bamburi, kumtazama kobe.

Haller Park zamani ilikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, uwanda wa matumbawe makavu usioota kitu. Kuanzia 1971 mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipanda mivinje, kisha akaleta majongoo wayale majani yaliyoanguka mpaka udongo ukapatikana. Sasa ni msitu. Humo mna kobe wakubwa wa Aldabra, nao ndio walimu bora wa mwanafunzi kwa kuwa hawana haraka. Mchore kobe mmoja mara kumi, kila mara dakika tano, na usifute. Michoro mitatu ya kwanza utachora kobe uliyemzoea kichwani mwako. Kwenye wa nne au wa tano ndipo utaanza kumwona huyu aliye mbele yako: ngozi ya shingo inavyojikunja kama kanga iliyoanuliwa mbichi, na jicho lilivyo mbele zaidi ya ulivyodhani.

Picha ya simu nayo ina kazi yake. Mimi hupiga nyingi, za sikio, za kwato, za mkunjo wa goti. Lakini kamera haikuelezi mnyama ana uzito gani. Uzito huo mkono huupata kwa kukaa naye. Na picha utakayoigiza iwe yako mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na picha ya kamera nayo hulindwa miaka 50 tangu ilipopigwa au kutolewa kwa umma. Najua uchungu wake: duka moja la hoteli liliwahi kuchapisha mbega wangu kwenye kadi bila kuniuliza, nami nikajua siku mteja aliponiletea kadi ile kama zawadi. Tangu hapo kila kazi ikiisha naipiga picha ikiwa na tarehe na vipimo kabla haijatoka nyumbani.

Sasa mahali pa kukaa. Vitabu vya Ulaya vitakwambia ukae kwenye dirisha la kaskazini, maana kwao jua halipiti upande huo. Ukifuata neno hilo Mombasa utaungua. Sisi tuko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, na kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri liko upande wa kibla, yaani kaskazini, linaingia moja kwa moja kwenye karatasi. Mimi nimejaliwa chumba cha ghorofa ya kwanza, Mji wa Kale, kinachotazama kichochoro. Ukuta wa nyumba ya pili umepakwa chokaa, na mwanga unaugonga ule kwanza ndipo uje kwangu, umeshapoa. Kama huna ukuta wa namna hiyo, tundika shuka jeupe nje ya dirisha. Nafanya kazi saa moja hadi saa tano asubuhi. Baada ya hapo jasho linadondoka, na tone moja la jasho linatosha kuharibu kazi ya wiki.

Jasho na unyevu ndio adui zetu wakubwa pwani hii. Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300, ile iliyobanwa kwa joto mpaka uso wake ukawa laini kama ganda la yai. Karatasi yenye mikwaruzo haikubali nywele za kope. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kusi likianza na mvua za masika zikashika, karatasi iliyoachwa mezani huota madoa ya kuvu, na madoa hayo hayatoki. Unapochora, weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Feni ielekezwe miguuni, la sivyo rangi itakukaukia kwenye ncha ya brashi kabla haijagusa karatasi.

Wengine huchorea juu ya kipande cheupe cha plastiki kiitwacho ivorini. Kilibuniwa kushika nafasi ya pembe halisi, maana tangu siku za Rosalba Carriera wa Venice, karne ya 18 ikianza, picha hizi ndogo zilichorwa juu ya vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Mteja mmoja aliwahi kuniomba nimchoree ndovu juu ya pembe aliyosema amerithi. Nilikataa hapo hapo. Kuwa na pembe bila kibali ni kosa la jinai Kenya, na nchi hii imezichoma hadharani: tani 12 mwaka 1989, tani 105 mwaka 2016. Hata yale Mapembe ya Moi Avenue, Mombasa, matao ya barabarani yenye umbo la pembe, ni ya aluminiamu. Sitamchora mnyama juu ya kitu alichouliwa kwa ajili yake.

Kuhusu brashi, wanafunzi wengi hukimbilia ile ndogo kabisa, namba yenye sifuri tatu. Wanakosea. Brashi hiyo haibebi rangi; ukichovya unapata nukta mbili tu. Nunua namba 1 au 2 yenye tumbo nene na ncha kali. Tumbo linashika rangi, ncha inafanya kazi. Ya nywele za kolinsky, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche, ndiyo bora, lakini ni ghali, na mimi miaka minne ya mwanzo nilitumia za nailoni. Mkono wenyewe niliupata kwa mama, aliyekuwa akiwapaka maharusi hina na piko. Alinifundisha kuegemeza kidole cha mwisho, kuvuta pumzi, kisha kuchora mstari wakati pumzi inatoka. Sijapata somo bora kuliko hilo.

Haya, ndovu. Kata karatasi sentimita 6 kwa 8. Vyama vingi vya wachoraji wa picha ndogo hufuata kanuni ya moja ya sita: kinachochorwa kisizidi sehemu moja ya sita ya ukubwa wake halisi. Kwa ndovu hilo halina taabu, atapungua zaidi ya hapo. Taabu iko kwa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua ya mkomamanga: akiwa na urefu wa sentimita 12, wewe unabakiwa na sentimita 2 za kumtia mdomo, mabawa na uhai.

Anza na jicho. Wengi huliacha mwisho kama mapambo, halafu likikataa wanatupa kazi ya wiki mbili. Mimi nalimaliza siku ya kwanza. Likifa, nimepoteza asubuhi moja. Jicho la ndovu lina kahawia yenye asali ndani, na kope ndefu zinazoshuka na kulitia kivuli, kwa hiyo nukta ya mwanga isiwe nyeupe tupu wala isiwe katikati. Iache karatasi yenyewe ing'ae; usiibandike rangi nyeupe.

Kisha ngozi. Ndovu wa Tsavo ni wa kijivu kama ndovu wengine. Wekundu ni udongo waliojirushia. Ukianza na rangi nyekundu utapata ndovu wa matofali. Changanya altramarini, ile buluu, na siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, upate kijivu, ukijenge kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke, ukienda kwa nukta na vistari vifupi vinavyofuata mikunjo. Kijivu kikisimama ndipo uuweke wekundu juu yake: mwingi mgongoni na kwenye paji, haba tumboni na nyuma ya masikio. Ukitaka kuuona kwa macho, panda treni ya Miritini kwenda Nairobi, inayopita Tsavo, ukae dirishani. Tangu 2017 nimejaza madaftari mawili kwenye safari hizo.

Chozi ana hila nyingine. Kijani kile cha shingoni si rangi iliyomo kwenye unyoya. Ni umbo la unyoya linavyouvunja mwanga, ndiyo maana akigeuka kidogo anakuwa mweusi. Rangi za dhahabu na za kumetameta hazitakusaidia, zitamfanya kama pambo la Krismasi. Weka weusi wa buluu kwanza, kisha nukta chache za kijani safi na zambarau, zikae karibu bila kuchanganyika, na uache upande mmoja ubaki gizani kabisa. Giza hilo ndilo linalomfanya awake.

Kioo cha kukuzia nakitumia mwishoni tu, kukagua. Ukichora chini yake muda wote utajaza vitu ambavyo hakuna atakayeviona, na mnyama atakakamaa. Kila dakika ishirini nanyanyua macho niwatazame kunguru kwenye mapaa ya mabati hadi Makadara, macho yapumzike. Jihadhari na alizarini pia. Ni nyekundu nzuri ajabu lakini hupauka, na mteja wako ataitundika sebuleni yenye jua.

Bei imewashinda wengi. Mnunuzi atasema, "Mbona ghali, nayo ni ndogo hivi?" Usijibishane. Mwonyeshe daftari la saa. Ndovu huyu amenichukua saa 30. Nahesabu shilingi 700 kwa saa, ni 21,000, fremu mbali. Nusu inatumwa M-Pesa kabla sijakata karatasi. Mwanzoni niliona haya kudai, nikabaki na picha tatu za watu walioahidi kurudi msimu wa Desemba.

Fremu ipelekwe kwa fundi wa mbao, umsimamie. Kioo kisiguse rangi. Lazima kadibodi ya pambizo iwe kati yao, maana kwa unyevu wetu rangi huganda kwenye kioo na siku ya kuifungua inang'oka nayo. Nyuma ya fremu, kwa penseli, andika jina la mnyama, mahali ulipomwona, tarehe, na rangi ulizotumia.

Mpwa wangu ameshaandika yake ya kwanza: kobe wa Aldabra, Bamburi, sentimita 5 kwa 5. Jicho la kushoto amelirudia mara tatu, na Jumamosi tunarudi kumtazama tena.