Somo: Kutengeneza ekzosi ya Altezza iliyofungwa injini ya 1JZ-GTE

Swali la ekzosi, yaani mfumo wa bomba la kutolea moshi, ya Toyota Altezza iliyofungwa 1JZ-GTE, injini ya Toyota ya silinda sita yenye turbo, limeulizwa hapa mara nyingi mno, na kila mara nalijibu kwa vipande vipande ambavyo anayefuata havisomi. Nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Somo hili ni la mtu ambaye ameshafunga injini na gia boksi kwenye maunti zake za kudumu, yaani vishikio vya mpira vinavyoibeba injini, na amebakiwa na gari linalonguruma mpaka majirani wa Ngamiani hapa Tanga wanachungulia madirishani. Ikiwa injini yako bado inaning'inia kwenye mnyororo, subiri kwanza, kwa kuwa ukisogeza maunti kidogo tu, bomba lote ulilokwisha kulipima linakuwa chuma chakavu.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika spana. Gari hili limewahi kuuzwa Marekani kwa jina la Lexus IS300 likiwa na injini ya 2JZ-GE ya silinda sita, kwa hiyo nafasi ya injini ndefu ipo. Hata hivyo, picha za Wamarekani zinawapotosha wengi wetu. Injini za JZ hutoa moshi upande wa kulia, usukani wao uko kushoto, na bomba lao hushuka bila kugombana na kitu. Usukani wetu uko kulia, maana yake turbo, bomba la kushukia (lile linaloteremsha moshi kutoka kwenye turbo) na shafti ya usukani vinagombea pembe moja. Ukinakili picha ya Mmarekani utapata bomba zuri lisiloingia kwenye gari lako.

Hatua ya kwanza: vifaa. Kwa injini hii, ambayo kiwandani ilitolewa na nguvu za farasi 280, bomba la inchi 3 linatosha na linabakiza nafasi ya kuongeza nguvu baadaye. Chukua stenlesi ya daraja la 304 yenye unene wa milimita 1.5. Chuma cha kawaida kinafaa pia na ni rahisi kuchomelea, lakini sisi tunaoishi na upepo wa bahari tunajua chumvi inavyokila chuma, hivyo uamuzi ni wako. Nunua kona zilizokunjwa kwa mashine yenye kiini ndani, ambazo tundu lake halibonyei. Kona iliyokunjwa kwa kubanwa hupunguza upana pale pale moshi unapotaka kugeuka.

Hatua ya pili: inua gari, liweke juu ya stendi imara, chomoa betri. Asiyechomoa betri kisha akachomelea chini ya gari asije kuuliza kwa nini kompyuta ya injini imekufa.

Hatua ya tatu: ondoa au funika kila kinachoshika moto, hasa mabomba ya petroli, na weka mtungi wa kuzimia moto mkononi, si dukani.

Hatua ya nne: bomba la kushukia kutoka kwenye turbo. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo bomba langu la kwanza lilipoharibika, kwa hiyo someni taratibu. Gari likiwa limezimwa na limepoa, utaona nafasi ya kidole kimoja kati ya bomba na shafti ya usukani, na utaridhika. Nafasi hiyo inakudanganya. Ukikanyaga mafuta, injini hujipinda kwenye maunti zake kinyume na mzunguko wa krenki: upande wake wa kulia hushuka na kichwa chake huegemea kulia, yaani kuelekea kwenye shafti ile ile. Juu ya hapo, bomba lenyewe likipata moto hurefuka. Stenlesi ya 304 hurefuka takribani milimita 17 kwa kila mita elfu moja kwa kila nyuzi moja ya joto; hesabu hiyo inaonekana ndogo mpaka uchukue bomba la mita 3 lililopanda nyuzi 300, ambalo litakuwa limeongezeka milimita 15 hivi. Bomba lisilo na pa kurefukia hujitafutia, ama kwa kusukuma turbo, ama kwa kupasuka penye weldi, ama kwa kugusa usukani ukiwa katikati ya kona.

Kwa hiyo, acha nafasi isiyopungua milimita 25 kati ya bomba na shafti ya usukani, na uipime usukani ukiwa umezungushwa mpaka mwisho pande zote mbili, kwa sababu kiungo cha shafti hakina umbo la duara na pembe yake hujitokeza kadiri kinavyozunguka. Kisha mwambie mwenzako atikise injini kwa mtaimbo uliowekewa ubao, wewe ukitazama kwa tochi. Weka ngao ya bati kati ya bomba na shafti, na nyingine kukinga hozi za breki na klachi zilizo karibu. Usitegemee kitambaa cha kufunga bomba peke yake: kinapunguza joto, lakini hakizuii chuma kugonga chuma. Usukani ukikwama barabara ya Segera, hakuna fundi atakayekufikia kwa wakati.

Hatua ya tano: fleksi, yaani kile kipande chenye mikunjo kinachonyumbulika. Kiweke mara baada ya bomba la kushukia, na kabla yake funga kishikio kinacholiunganisha bomba na gia boksi. Mpangilio huu una sababu: yote yaliyo mbele ya fleksi yacheze pamoja na injini, na yote yaliyo nyuma yake yaning'inie kwenye bodi kwa mipira. Ukifunga kishikio cha mbele kwenye bodi, uzito wote na mtikisiko wote unaubebesha turbo.

Hatua ya sita: matundu ya sensa za oksijeni. Nyuzi zake za kukazia, kama za boliti, ni M18 kwa 1.5. Sensa isimame juu ya mstari wa ulalo wa bomba, kwa pembe ya angalau nyuzi 10, ili maji yasitulie ndani yake. Hakikisha hakuna uvujaji mbele yake, maana bomba linalovuja huvuta pia hewa ya nje, na sensa itaiambia kompyuta kwamba petroli ni kidogo wakati si kweli.

Hatua ya saba: kushikiza. Kata, panga, shikiza kwa nukta tatu au nne kila kiungo, bomba likiwa chini ya gari. Rudi nyuma kipande kwa kipande, ukipita kando ya propela na juu ya mikono ya magurudumu ya nyuma. Kabla ya kuendelea, inua gurudumu la nyuma kwa jeki mpaka springi ijibane, uone kama mkono wake unagusa bomba. Wengi hupima gari likiwa limening'iniza magurudumu, kisha wanashangaa linapogonga wakipakia abiria watatu.

Hatua ya nane: shusha bomba lote, uchomelee mezani. Flanji, yaani sahani za kuunganishia bomba na bomba, zifungwe boliti kwenye kipande cha chuma kinene wakati wa kuchomelea, au zifungwe na pacha wake, la sivyo zitapinda na gasketi haitaziba. Chomelea kwa vipande vifupi ukibadilisha pande. Kwa unene wa milimita 1.5, mkondo wa kati ya ampea 45 na 60 unatosha kwa mashine ya tigi, ile inayochomelea kwa gesi ya argoni.

Hatua ya tisa: sailensa. Moja ndogo katikati na moja nyuma. Mdomo wa bomba utoke nje kabisa ya bampa, kwa kuwa moshi ukiishia chini ya buti huvutwa ndani ya gari, na kaboni monoksidi haina harufu ya kukuamsha.

Hatua ya kumi: funga, washa, ziba mdomo wa nyuma kidogo kwa kitambaa kinene kilicholowa, pakaza maji ya sabuni kwenye viungo kabla bomba halijapata moto, utafute mapovu.

MASWALI YA WANACHAMA

Dogo wa Chumbageni: Habari kaka. Jumla ni shilingi ngapi?

Jibu: Nzuri. Pima urefu wa bomba lako, hesabu kona, kisha uulize dukani. Sikuandika bei kwa sababu bei niliyolipa mimi haitakusaidia wewe.

Kipanga Mweusi: Somo ni refu, sijalisoma lote. Fundi wangu amenitengenezea kwa bomba la maji lile la mabati, anasema ni kitu kimoja. Kuna shida?

Jibu: Ipo. Bomba hilo limepakwa zinki. Zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi usiku huo huo. Fundi wako aache. Na somo ulisome.

Altezza Nyekundu: Samahani, ila naona unatisha watu bure. Mimi sikuweka fleksi na gari linatembea vizuri kabisa.

Jibu: Ndugu yangu, sikusema gari halitatembea. Nimesema mahali pa kurefukia lazima papatikane. Gari lako likiwa na maunti laini na mipira mirefu, kuna kunyumbulika kwingine kunakokubeba. Angalia flanji ya turbo na weldi ya kwanza baada yake, kwa tochi, bomba likiwa baridi. Usipoona ufa, nimefurahi kwa ajili yako, lakini sitamfundisha mtu mwingine afanye hivyo.

Bi Cheche: Shikamoo fundi. Mimi najifunza uchomeleaji VETA. Mwalimu anasisitiza tupitishe gesi ya argoni ndani ya bomba tunapochomelea stenlesi, lakini mafundi wa mtaani hawafanyi hivyo na weldi zao zinaonekana nzuri. Kwa nini tupoteze gesi?

Jibu: Marahaba binti yangu, na hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Weldi unayoiona ni ya nje tu, ambako gesi ya tochi inailinda. Upande wa ndani chuma kimeyeyuka pia, na kikikutana na oksijeni ya hewa, kromi iliyomo huungua na kuacha ganda jeusi lenye chembechembe kama sukari guru. Ganda hilo ni dhaifu, linakwaruza moshi unapopita, na penye kromi iliyoungua ndipo kutu inapoanzia. Fanya jaribio: chomelea vipande viwili vifupi, kimoja kwa gesi ya ndani na kingine bila gesi, kisha uvipasue kwa urefu uvilinganishe. Ziba ncha za bomba kwa karatasi ya alumini, acha tundu dogo la kutolea hewa, tumia lita 3 hadi 5 kwa dakika, na subiri hewa yote itoke kabla ya kuanza. Argoni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo iingize kwa chini na tundu la kutolea liwe juu. Kwa waya, tumia 308L ukiunganisha 304 kwa 304, na 309L ukiunganisha stenlesi na chuma cha kawaida.

Bi Cheche: Ahsante sana fundi. Na nikitaka kujua kama bomba nililouziwa ni 304 kweli?

Jibu: Beba sumaku ndogo. 304 iliyonyooka haishiki sumaku, ila kwenye kona inaweza kushika kidogo kwa sababu ya kukunjwa. Daraja la 409 linashika wazi wazi, na hilo hupata kutu ya juu juu upesi. Si bomba bovu, magari mengi hutoka nalo kiwandani, ila usilipie bei ya 304.

Mzee wa Raskazone: Nimefuata maelekezo, sauti ni nzuri. Lakini sasa gari likifika mwendo wa juu linakata ghafla, halafu linarudi. Petroli ninayo.

Jibu: Shikamoo mzee. Injini yako inapumua kwa wepesi kuliko zamani, turbo inazunguka kwa kasi zaidi, na ile wesitigeti ya kiwandani, yaani mlango wa kupitishia moshi kando ya turbo, inashindwa kupitisha moshi wa ziada. Presha inapanda kupita kiwango, kompyuta inakata petroli ili kuikinga injini. Usiidanganye kompyuta. Weka geji ya presha kwanza, na mpaka ujue namba zako usikanyage mpaka mwisho. Kama injini yako ni ile ya awali yenye turbo mbili, ujue magurudumu yake ya moshi ni ya kauri, na yakizidishiwa presha huvunjika.

Fundi Korogwe: Naomba kuongeza. Petroli ikiungua hutoa maji mengi, karibu lita moja kwa kila lita ya petroli. Gari la safari fupi za mjini halipati joto la kuyakausha, yanatuama kwenye sailensa ya nyuma. Mimi hutoboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa.

Jibu: Nakubaliana nawe kabisa, nami ningeongeza kwamba tundu lisitazame tairi wala hozi.

Dogo wa Chumbageni: Kaka, nimepima. Mita 3 na nusu, kona sita. Nimeanza kusafisha bomba kwa brashi ya waya niliyokuwa natumia kwenye geti la nyumbani.

Jibu: Umefanya vizuri kupima. Brashi hiyo iache. Inabeba vumbi la chuma cha kawaida, vumbi linajichomeka kwenye stenlesi, na kwa hewa yetu hii ya Tanga utaona madoa ya kutu baada ya siku chache, kisha utasema umeuziwa bomba bandia. Nunua brashi ya stenlesi na diski mpya ya grainda, uziandike kwa kalamu, na usizitumie kwa kazi nyingine. Bomba ulilokwisha kulisugua, lisugue upya kwa msasa mpya kisha ulifute kwa asetoni. Usitumie kisafishia breki, kwa sababu baadhi vina klorini na mvuke wake ukikutana na moto wa weldi huwa sumu.