Kuchonga Kiko cha Mti: Tundu Kwanza, Umbo Baadaye

Wengi wanaoanza kuchonga kiko, ambacho hapa Buganda huitwa emmindi, huanza na umbo la nje, na hapo ndipo mti mzuri huharibika. Kiko ni tundu lililozungukwa na mti. Tundu likikosewa, hakuna msasa utakaoliokoa.

Viko vya Ulaya huchongwa kwa kisiki cha Erica arborea, mti ambao huota pia katika milima ya Rwenzori na Elgon. Hata hivyo, sehemu hizo ni hifadhi za taifa, na asiende mtu kukata chochote huko. Mimi hutumia mzeituni mwitu ninaoupata kwa maseremala kama mabaki, au mpera uliokatwa shambani, kwa sababu miti yote miwili ni migumu na nyuzi zake zimeshikana. Uepuke mvule, ambao vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na usiguse kabisa ubao wowote uliopakwa rangi au dawa ya wadudu, kwa kuwa kitakachoungua ndani ya kiko kitaingia mdomoni mwa mtu.

Mti lazima ukauke. Paka nta kwenye ncha mbili za kipande ili unyevu usitoke kwa haraka upande huo, kiweke kivulini penye upepo, kisha ukipime kila wiki kwa mizani ya duka hadi uzito uache kupungua. Mpera mnene unaweza kuhitaji miezi mingi. Kiko changu cha kwanza nilikichonga kwa mpera niliouona mkavu kwa sababu maganda yalikuwa yamebanduka. Siku ya tatu baada ya kukipaka nta niliona ufa mwembamba kama unywele, ukianzia ukingoni mwa kichwa, yaani sehemu inayotiwa tumbaku, na kushuka hadi shingoni. Mzee aliyekiagiza alikipokea kwa upole, lakini mimi nilikirudisha karakana na kumchongea kingine.

Kata kipande chenye upana wa milimita 45, kimo cha 55 na urefu wa 100, na ukiache kikiwa na pembe zake zote, maana jiliwa hushika vizuri kitu chenye pande zilizonyooka. Chora kiko chako ubavuni mwa kipande kwa penseli, pamoja na matundu yote, kabla hujawasha keekee. Anza shingoni: toboa tundu la milimita 8 lenye kina cha 18, litakalopokea mdomo, yaani kipande cha kuvutia moshi, kisha endelea katikati yake kwa ncha ya keekee ya milimita 4 hadi mahali ambapo kitovu cha kichwa kitakuwa. Baada ya hapo toboa kichwa kutoka juu, upana wa milimita 19 na kina cha 38, polepole, ukiinua keekee mara kwa mara ili takataka zitoke. Njia ya hewa inatakiwa kutokea chini kabisa ya kichwa. Ikitokea juu zaidi, tumbaku ya chini haitaungua vizuri, nao unyevu utabaki hapo. Ukipata harufu ya kuungua, ncha imechakaa. Inoe au uibadilishe.

Sasa ndipo msumeno na tupa vinapoingia. Usiruhusu ukuta wa kichwa uwe chini ya milimita 9 wala shingo iwe nyembamba kuliko 18. Mdomo hupatikana vizuri katika ncha ya pembe la ng'ombe wa Ankole, ambayo haina uwazi ndani; itoboe kwa milimita 4, uchonge kishikizo kinachoingia kwa kukazwa kidogo, na usitie gundi, kwa sababu mdomo unapaswa kutolewa kusafishwa kiko kikishapoa. Unapopiga tupa mti au pembe, vaa barakoa.

Pitisha msasa wa 120, 220 na 400, kisha nta ya nyuki kwa kitambaa. Vanishi haifai kabisa: joto huitoa malengelenge.

Unapoionyesha kazi yako mtandaoni, pigia picha dirishani asubuhi, kiko kikiwa kando ya rula, na kwanza onyesha ndani: waya uliopita kutoka mdomoni hadi chini ya kichwa humwambia fundi mwenzako zaidi kuliko mng'ao wa nje. Andika aina ya mti na muda uliokausha. Usipige picha moshi wala pakiti ya tumbaku, kwa kuwa sheria ya Uganda ya udhibiti wa tumbaku ya 2015 inakataza kuitangaza, na hairuhusu kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 21. Mimi hata kiko simuuzii. Kiko kilichopasuka nacho kionyeshe, pamoja na uzito wa mti siku ulipouanza, ili mwingine aone ufa ulianzia wapi.