Kibarua cha kwanza cha mwanao: karatasi kabla ya maombi

Mtoto akirudi shule siku moja akasema "nataka kazi", sisi tuliobeba boksi miaka mingi huguswa pande mbili kwa mpigo. Kuna fahari, na kuna swali la chinichini: tulikuja huku ili naye abebe boksi? Hilo nakuachia wewe na mwenzako mlijadili. Mimi nataka kusema jambo ambalo wazazi wahamiaji huligundua limeshaharibika. Mtoto wetu anapojaza fomu za kazi, anaandika pia kuhusu hali yake ya uhamiaji, mara nyingi bila kujua. Mwenzake wa darasani akikosea fomu atacheka na kuomba nyingine. Wetu anaweza kulipia kosa hilo akiwa mtu mzima.

Naandika zaidi kuhusu Marekani kwa sababu ndiko ninakoishi. Mlio Uingereza nimewawekea yenu kule mbele.

Kila mwajiri Marekani humjazisha mfanyakazi mpya Fomu I-9, ya kuthibitisha yeye ni nani na kwamba anaruhusiwa kufanya kazi, awe na miaka 15 au 50. Sehemu ya kwanza inamtaka aonyeshe yeye ni nani: raia, mkazi wa kudumu, mgeni mwenye ruhusa ya kazi. Kijana aliyekulia hapa, anayeongea kama wenzake na kushangilia timu zao, ataweka alama penye "raia" kwa mazoea tu. Kudai uraia ambao huna si kosa dogo. Linaweza kumfungia mtu njia ya kadi ya kijani na ya uraia maisha yake yote, na milango ya msamaha ni michache mno. Kaeni mezani kabla hajaomba kazi hata moja, umwonyeshe hati zake, na umwambie kwa jina la kisheria yeye ni nani. Usimwachie akisie.

Kinyume chake pia hutokea. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye kadi ya kijani, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia pale mzazi huyo anapoapishwa. Yeye haapishwi wala hatumiwi barua. Wapo vijana wanaotembea na kadi ya kijani kumbe ni raia wa siku nyingi. Kama wewe umeshaapa, mwombee pasipoti yake, nayo pasipoti peke yake inatosha kwa I-9.

Aliyekuja kama tegemezi wa mwanafunzi (F-2) au wa mfanyakazi wa H-1B (yaani H-4) haruhusiwi kuajiriwa, hata kwa masaa mawili ya Jumamosi, hata kwa pesa za mkononi. Najua inauma kumwambia hivyo kijana wa miaka 16 ambaye rafiki zake wote wana vibarua. Mwambie hivyo hivyo. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi awe na kibali cha kazi kwanza. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi ana haki ya kufanya kazi kwa hadhi yake hiyo.

Kuhusu hati, wengi wanadhani kijana asiye na leseni ya udereva wala kitambulisho cha picha amekwama. Hapana. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kuthibitisha utambulisho kwa ripoti ya shule au rekodi ya hospitali, akaongeza kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii). Kadi hiyo iwe halisi, si nakala, na isiwe na maandishi yanayozuia kazi. Kama ina maandishi hayo na hali yake imeshabadilika, omba nyingine mapema, kabla ya likizo kukaribia. Aliyepata kadi ya kijani akiwa mdogo anatakiwa kuomba kuibadilisha ndani ya siku 30 baada ya kutimiza miaka 14, na nimekutana na familia nyingi ambazo hazikuwahi kuambiwa. Na ajue hili: anayechagua hati za kuonyesha kutoka kwenye orodha rasmi ni mfanyakazi, si meneja.

Zipo pia hati za jimbo. California na New York zinadai kibali cha kazi kwa vijana, na mahali pa kuanzia kuuliza ni shuleni kwake. Texas haidai. Ulizia jimbo lako.

Halafu masaa. Sheria ya kazi ya shirikisho ya mwaka 1938 inambana mwajiri wa mtoto wa miaka 14 na 15: mwisho masaa 3 kwa siku ya shule na 18 kwa wiki ya masomo, wakati wa likizo masaa 8 kwa siku na 40 kwa wiki. Asianze kabla ya saa 1 asubuhi wala asipite saa 1 jioni, isipokuwa kuanzia Juni 1 hadi Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, ambapo anaruhusiwa hadi saa 3 usiku. Akifika 16 sheria ya shirikisho haihesabu tena masaa, ila majimbo mengine huendelea kuhesabu. Mashine hatari ni marufuku mpaka 18: ya kukatia nyama, forklift (gari la kuinulia mizigo), kazi za juu ya paa. Wa miaka 16 haruhusiwi kuendesha gari barabarani kwa ajili ya kazi, hata kama leseni anayo mfukoni.

Fomu za kuomba kazi zina nafasi ya "uzoefu", na hapo watoto wetu huduwaa, huandika "sina". Si kweli. Huyu ndiye aliyekutafsiria kwa daktari akiwa na miaka 11, akapiga simu ya bima, akawatunza wadogo zake ulipokuwa zamu ya usiku. Aandike, kwa maneno ya kikazi: mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza, mlezi wa watoto. Mtu wa kumtaja kama shahidi wa sifa zake asiwe mjomba. Atafute mwalimu au kocha. Na kwenye usaili usiingie naye.

Mshahara wa kwanza huleta kilio. Social Security huchukua asilimia 6.2 na Medicare (bima ya afya ya wazee) 1.45, kwa hiyo kwenye dola 200 zinaondoka dola 15 na senti 30, na hizo hazirudi. Kodi ya mapato ni habari nyingine. Kijana ambaye hakudaiwa kodi hiyo mwaka jana na hatarajii kudaiwa mwaka huu anaweza kuomba asikatwe kwenye W-4, fomu ya kodi anayoijaza kwa mwajiri. Akikatwa, anajaza fomu ya kodi mwaka unaofuata na kurudishiwa. Hapo aweke alama kwamba kuna mtu, yaani mzazi, anayeweza kumwandika kama tegemezi kwenye fomu yake ya kodi. Wangu alijaza peke yake kwenye simu jioni moja, akairuka alama hiyo, na fomu yetu wazazi ikakataliwa. Kwa wanaofyeka majani ya majirani au kuuza vitu mtandaoni: faida ikifika dola 400 kwa mwaka, kuna fomu ya kujaza.

Uingereza umri wa kuanza kibarua kwa kawaida ni miaka 13, na halmashauri nyingi zinadai kibali ambacho mwajiri ndiye anayekiomba. Bila kibali, huenda bima yake isimlinde mtoto akiumia. Wakati wa masomo ni masaa 12 kwa wiki, yasizidi 2 kwa siku ya shule au Jumapili, na isipite saa 1 jioni. Likizoni ni masaa 25 kwa wiki kwa wa miaka 13 na 14, na 35 kwa waliofika 15. Kima cha chini cha mshahara hakimhusu mpaka afikie umri wa kumaliza shule ya lazima, hivyo malipo wakubaliane kwa maandishi.

Mnunulie daftari dogo. Kila zamu aandike saa aliyoingia na aliyotoka, kisha alinganishe na hati ya mshahara. Zikipishana, aende kwa meneja yeye mwenyewe na daftari lake. Wewe msubiri kwenye gari.